Wiki ya Mwisho, Ahero

Nilitoka Singida na katoni ya chaki,
nikidhani Kiswahili nimekibeba mimi.
Siku ya kwanza nikasema, "Bibi yangu hulima alizeti."
Darasa likaangua kicheko:
"Kumbe madamu umeoa!"
Apondi ndiye aliyenihurumia:
"Nyanya, mwalimu. Huku tunasema nyanya."

Mstari wa tope, mafuriko ya Nyando,
umepita ukutani juu kidogo ya chati ya ngeli.
Sikuufuta. Wao hujipimia kimo hapo.
Odero kaupita mwezi huu, kwa unene wa unywele.

Leo nimesahihisha insha: "Mgeni Wetu."
Ishirini na tisa wamenisifu
(uongo wa adabu, naujua).
Apondi kaandika sentensi moja:
"Mwalimu wa kujitolea, mwishowe hujitoa."

Nikazunguka na kalamu nyekundu, natafuta kosa.
Dirishani mpunga, maji, korongo mmoja
amesimama kwa mguu mmoja kama asiyeamua.
Kosa sikuliona.
Nikampa zote ishirini, mkono haukutulia.

Jumanne nikishuka Singida, najijua,
ulimi utaniponyoka mlangoni:
"Shikamoo, nyanya."
Naye atanyoosha kapu:
"Marahaba. Ziko wapi?"