Chujio

Kabla sijawa mlinzi wa chujio nilikuwa chura.
Ndivyo mji unavyotuita sisi tulioshuka shimoni
usiku, kwa ndoo na mafuta ya taa,
suruali imekatwa magotini, gongo mdomoni
ili pua isahau kazi yake.
Mchana wake watu wa Majohe walinipita
kama wanavyopita mzoga: upande wa upepo.

Masika nayo yalikuwa na desturi yake.
Mvua ikishika, mtu anatoboa ukuta wa shimo
na kukitapisha choo mferejini,
mfereji unampelekea jirani wa bondeni,
jirani naye anatoboa cha kwake.
Ikianuka, mtaa mzima ushapeana salamu.

Siku hizi tuna mabomba.
Yanashuka kutoka nyumba mia moja na kumi na mbili
mpaka hapa, nyuma ya shule, chini ya zege,
na majitaka yanapita chumba hata chumba
polepole, kama mgonjwa anayetafutiwa mshipa.
Uzito wanauacha chini.
Gesi wanaiacha jikoni kwa Mwanahawa mama lishe,
chai yake inachemkia moto wa buluu
na hakuna mteja anayeuliza.
Kisha changarawe, kisha matete,
wanajifunza upya kuwa maji.

Kazi yangu ni reki na ndoo.
Alfajiri nakwangua chujio:
nywele za bandia, vijiko vya chai, laini za simu,
pampasi (nimesema mara ngapi kuhusu pampasi),
jino moja la dhahabu,
barua iliyochanwa vipande vinane.
Sisomi. Wino wenyewe hukimbia kabla haujanifikia.
Lakini nyumba ipi wanaharisha
naijua kabla zahanati haijafungua daftari.

Jumanne ilikuja pete.
Nikaisugua kwa majivu, kwa sabuni ya kipande,
kwa majivu tena.
Ndani yake: Z na M, na mwaka.

Z ni Bi Zamoyoni.
Ndiye aliyehamisha kiti chake
harusini kwa mwanawe, nilipokaa mimi,
na kanzu yangu ya kuazima ilifukizwa udi siku mbili.

Nikabisha hodi. Akatoka, mikono ina unga.
Akaitazama pete kiganjani mwangu,
akakitazama kiganja.

"Umeiokota wapi?"

"Ilikopita unakujua mwenyewe."

Hakucheka. Kuku walipita kati yetu, mmoja, wawili.
"Haikudondoka," akasema. "Niliitupa.
Usiku ule Mwinshehe alipohamia Chanika
nilivuta maji mara tatu."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote hii
nilidhani vitu vinanijia kwa bahati mbaya.

Nikataka kuifunga ngumi niondoke nayo,
nikaifukie kwenye matete.
Akanishika mkono. Mkono huu.
Unga wake ukabaki kwenye vidole vyangu.
Akaiinua pete, akaipima kwa jicho la mama
mwenye paa linalovuja:
"Mabati matatu. Labda manne.
Sonara wa Gongo la Mboto hajali ilikopita."

Akaisokomeza kwenye pindo la kanga, akafunga fundo,
akavuta kigoda kwa mguu
na kukisukuma upande wangu.

Nikakaa.
Sikuangalia upepo unatoka wapi.