Trei Kumi na Mbili

Niliuchota udongo kwa kopo la maziwa ya unga
ndani ya msitu wa Rau, hatua thelathini tu
kutoka shamba la mama Ndetaramo.
Vidole vitatu kwenda chini, si zaidi.
Nikaulaza kwenye trei kumi na mbili
barazani kwangu Njoro, juu ya meza ya kupigia pasi,
nikaumwagilia asubuhi, nikaumwagilia jioni,
nikangoja useme.

Wiki ya pili ukasema: kishonanguo.
Kishonanguo, kishonanguo, mbangi mwitu,
nyasi nisizozijua kwa jina,
mnavu (huo tuliuchuma, tukaulia ugali).
Miche mia tatu kumi na miwili.
Mti, hata mmoja.
Udongo wa msitu
unaota shamba.

Akiba haiozi, twasema.
Ya mvule huoza.
Kijimbegu chake hakijui kulala:
masika yakikipita kingali kimefumba macho,
basi.

Wiki ya saba, trei ya tisa,
ukachomoza mpesi,
mti wa pupa, usioishi
hata kumzika aliyeuona ukiota.
Nikauandika kwa wino mwekundu.

Mama Ndetaramo alikuja kudai kopo lake.
Akainama, akatazama, akacheka mpaka akashika nguzo.
"Mwalimu, unafuga magugu?
Mimi nayang'oa kila mwaka, ungeniambia nikuletee gunia."
Kisha: "Njoo."

Katikati ya mahindi yake, chini ya mparachichi
wanaponing'inia popo kumalizia mlo wa usiku,
ulisimama mvule, urefu wa kiwiko,
majani yakikwaruza kama ulimi wa paka.
Jembe lilikuwa limepita kulia,
limepita kushoto.
Mbona hukuung'oa?

"Palizi ya kwanza mgongo uliniuma, nikauruka.
Palizi ya pili," akatazama pembeni,
"niliona haya."

Daftari langu lina safu ya trei, safu ya wiki,
safu ya idadi.
Nililishika muda mrefu, kalamu ikiwa wazi.

Trei kumi na moja nimezirudisha msituni.
Ya tisa bado ninayo.
Jana usiku popo walipita juu ya nyumba
wakitokea Rau,
na kitu kidogo kikadondoka kwenye bati,
kikabingirika,
kikakwama kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Kesho naazima ngazi.