Kisanduku cha Nne

Afisa wa bima, Bwana Kessy, kavua viatu mlangoni.
Kalamu yake imegoma kwenye kisanduku cha nne:
nyumba ilijengwa mwaka gani?

Mwaka gani, baba?
Msingi ni rika la Mwanaidi, aliyezaliwa na mvua za vuli.
Kuta ni za upatu, mizunguko minne;
wa tano ulikwenda hospitali.
Linta ilikaa wazi miaka mitatu, nondo zikiota kutu
kama ndevu za mtu aliyefiwa.
Bati, kiinua mgongo cha marehemu.
Choo cha ndani, juzi.

Akauliza moto. Nikamwonyesha waya
aliouunga fundi Shomvi kwa kipande cha rambo,
nikaahidi kuubadili.
Akauliza mafuriko. Sikumjibu,
nilisogeza kabati.
Rangi nimepaka mara tatu, bado inachungulia
alama ya Msimbazi, usawa wa kifua changu.
"Huku bondeni ada inapanda," akasema polepole.
Najua. Maji nayo hupanda.

Shemeji anakohoa barazani:
"Bima ni uchuro."
Pikipiki yake ina kufuli mbili.

Nimehesabu noti za vitumbua,
zinanuka iliki na mafuta.
Kessy kaandika mwaka aliouchagua mwenyewe,
mmoja tu, tarakimu nne,
na Mwanaidi, na upatu, na marehemu
wote wakaenea humo.

Nikatia sahihi taratibu.
Ukuta nimeshajenga mara mbili.
Leo naziba ufa.