Kikapu cha Mabaki

Kijani hiki kilibaki kwenye sweta ya Hernaldo,
ile aliyoikataa kwa kuwa shingo ilimkaba.
Urefu wake: kidole gumba mpaka kiwiko, mara tisa.
Nimepima. Sina haraka, ni Julai,
na hapa Punta Arenas jua la Julai ni mgeni mwenye aibu,
hukaa ukingoni mwa kiti, likaaga kabla ya chai.

Njano ni ya pacha wa Yerka.
Ilitosha kofia moja.
Pacha wa pili alipewa ya kijivu
na mpaka leo, ana miaka kumi na minne, analalamika.

Zambarau sijui ilitoka wapi.
Kila kikapu kina zambarau isiyo na baba.

Wifi yangu Otilia husema: tupa.
Otilia hutupa hata chupa zenye vifuniko vyake.
Mimi nimelelewa na bibi aliyefumua soksi za marehemu mumewe,
akaziosha, akazianika, akazirudisha duniani
zikiwa soksi za mtoto.
Mtoto huyo ni mimi.

Kazi yenyewe haina siri.
Vitanzi vinne, viunge, pete.
Ndani ya pete mafundo matatu, pumua,
matatu, pumua.
Kwenye kona: matatu, pumua zaidi, matatu tena palepale,
kama mtu aliyesahau neno akarudia sentensi.
Ajuaye kuhesabu mpaka tatu ameimaliza elimu hii.
Bibi alihesabu kwa Kikroatia,
na kulabu yangu haijakubali tatu ya lugha nyingine.

Sasa kile kiti cha kituo cha basi,
mkabala na kiwanda cha mbao:
chuma kitupu, na upepo huu
ambao manispaa huufungia kamba barabarani watu washike wasipeperuke.
Chuma kile kinauma mapaja kupitia suruali mbili.
Nilifuma miraba tisa, nikaiunga kwa nyeusi
(nyeusi huamua ugomvi wa rangi zote),
nikajaza matambara, nikaufunga mto kwa mafundo manne.

Jumatatu upo.
Jumanne upo, na mwanamke mwenye kitunguu mfukoni ameukalia
kama alizaliwa juu yake.
Jumatano kiti uchi.

Nilitukana.
Nilitukana kwa lugha mbili, na upepo ukanirudishia matusi mdomoni.

Wiki ya pili nikauona mto wangu.
Kibanda cha mlinzi wa kiwanda, nyuma ya kioo chenye ukungu,
kijana wa Haiti, Renold, baridi yake ya kwanza.
Ameukata mshono, ametoa matambara,
amejifunga kile kitambaa gotini kwa waya wa umeme.
Goti moja.
Goti la pili amelizungushia gazeti.

Aliniona nikiangalia.
Akainama, akaanza kufungua waya,
vidole haviitikii, uso unatafuta Kihispania cha kuomba radhi.
Nami nilikuja na hotuba, ndefu, nimeipanga njia nzima.
Nikasikia mdomo wangu ukiuliza:
Hilo la pili lina upana gani?

Akapima kwa kiganja.
Kiganja na nusu.

Kwa hiyo kiti bado kiko uchi.
Jana Otilia alisimama kituoni dakika ishirini
akaniuliza, kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa,
mto mwingine unatoka lini.
Nikamwambia alete nyuzi. Akasema hana, alitupa.

Nimeanza na zambarau, hatimaye.
Imefuata njano, kisha kijani cha Hernaldo,
nacho naona kitaishia katikati ya mzunguko,
mafundo kumi kabla ya kona.
Kiishe tu.
Chungwa lipo, litaanzia pale pale kilipoachia,
na goti halitauliza.