Moyo Umechafuka

"Moyo umechafuka," nikasema,
na simu ya hospitali ikatafsiri ilivyojua.

Basi saa nane za usiku, Dundee,
mvua ya barafu ikichapa dirisha,
wakanibandika nyaya kifuani.
Kumbe mimi tumbo tu,
tumbo na kile kibeseni cha karatasi ngumu
nilichokikumbatia kama mtoto wa kuazima.

Ondansetroni ilikwisha vutwa,
sindano imelala kwenye sinia.
Daktari Farquhar akakunjua utepe wa grafu,
akaupima kwa ukucha, akaguna.
Hiyo ngoja.
Moyo huu unachelewa kutulia,
dawa itauchelewesha zaidi.

Muuguzi akachana kipakiti,
kile kitambaa cha spiriti cha kupangusia ngozi,
akaniwekea chini ya pua:
vuta. Taratibu. Tena.

Sikuamini. Kwetu spiriti ni ya kidonda.
Nikavuta, ikapanda hadi utosini,
na kile kilichokuwa kikinijia kooni
kikasita, kikarudi
kama mdai aliyekuta kufuli mlangoni.

Alfajiri Shekue akafika kutoka zamu yake,
akasikia habari ya tafsiri,
akacheka hadi akashika ukuta.
"Ni kichefuchefu tu," akawaambia. "Si moyo."

Daktari hakucheka.
Utepe bado u mkononi mwake.
Akaniuliza, kwa kinywa cha mwanangu,
kama kwetu yuko aliyeanguka ghafla,
akafa kijana.

Shekue akanitazama, kicheko hakijamtoka usoni.

Nikamtaja dada yangu Mwatime,
miaka kumi na tisa,
aliyekuwa akianika nguo.