Miezi Minane

Kibao kilisema miezi minane.
Jua limeilamba tarehe, limebakiza
TUNAOMBA RADHI
na msumari mmoja wenye kutu.

Mimi ni fundi saa. Miezi naijua.

Walichimba mtaro mlangoni pangu,
wakalaza bomba, wakafukia.
Wakaja wa nyaya, wakafukua.
Sasa ni zamu ya majitaka.
Vumbi la Rabai huingia hata chini ya kioo,
nalipuliza kwenye magurudumu
madogo kuliko mbegu za mchicha.

Wateja huvukia ubao mmoja,
mikono wameitanua kama watu wanaoanika shuka.
Bi Kemunto alifika katikati, akarudi.
Saa ya marehemu mumewe ingali kwangu:
imepona, naitia ufunguo kila asubuhi
isije ikasahau kazi.

Mumbua wa dada yangu
alizaliwa wiki ile ya tingatinga.
Juzi katimiza minne.
Jana kavuka ubao peke yake, mbio,
andazi mkononi, hata hakutazama chini.

Nikamwambia, siku moja hapa patakuwa barabara.

Akaacha kutafuna.
“Kwani hii ni nini?”