Siku Tisa za Katikati

Al-Khoudh, saa tisa mchana, kiyoyozi kinakohoa.
Nimetandaza kalenda juu ya meza ya chakula,
sahani ya halwa imeikalia Agosti.
Siku tisa za kundi nimezipigia wino:
Vienna mpaka Praha, kiongozi na kibendera chake,
basi huondoka saa mbili kamili, mchelewaji shauri yake.
Zilizobaki ni penseli.
Kabla yake, Venisi? Baada yake, Budapesti?
Zuwena anahesabu treni, anahesabu riali,
anaifuta Venisi, anairudisha,
karatasi imeanza kutoboka.

Khalfani yuko mlangoni, funguo mkononi, anatucheka:
"Mwataka ubaridi? Salala ile pale!
Manyunyu ya bure, tangi limejaa,
na viza hatumwombi mtu."

Mama hainui uso, anachambua tende.
"Salala nilikwenda na baba yenu.
Kila kona itaniuliza yuko wapi.
Nitafutieni mji usionijua."

Penseli ya Zuwena imesimama.
Nachukua kalamu ya wino.
Ljubljana, nimelinakili herufi kwa herufi,
hakuna humu awezaye kulitamka.
Siku mbili. Bila kibendera.